Mikebe Sita ya Lili

Mwaka ambao mke wangu alipewa meza ya Krismasi tulikuwa tumeishi Kimulot miaka kumi na mmoja tangu tuoane. Meza yenyewe ilikuwa ya mbao, iliyosimama mbele katika kanisa letu la mabati, na kupewa meza maana yake ni kwamba maua ya kuwekwa juu yake siku hiyo yatatoka kwako. Akina mama walishika zamu. Mwenyekiti wao aliweka orodha kwenye daftari, na kila Jumapili ilikuwa na mwenyewe.

Mke wangu anatoka upande wa Kisii. Alikuja kwetu akiwa msichana kuchuma majani chai, nikamwoa. Hakuna mtu kanisani aliyemvunjia heshima. Walimsalimia vizuri, walimtembelea kila alipojifungua, walimletea mursik, maziwa ya kugandishwa kibuyuni. Lakini orodha ya meza ilimpita mwaka baada ya mwaka, na alipouliza afanye nini, aliambiwa asaidie kuosha vikombe. Miaka ile kulikuwa na watu wa kwao waliofunga mizigo kwa hofu ya ghasia za makabila na kuvuka mpaka wa wilaya kurudi makwao. Yeye alibaki, na hakulalamika. Siku ya mkutano wa Oktoba alirudi nyumbani, akaketi jikoni, akachambua fungu zima la mboga za managu kabla ya kufungua mdomo.

"Wamenisoma," akasema.

"Wamekusoma wapi?"

"Krismasi. Meza ni yangu."

Hakuwa na sababu ya wasiwasi. Kando ya nyumba alikuwa na bustani ambayo watu waliopita barabarani walisimama kuitazama: dalia za zambarau, glediola, na waridi jekundu alilolipanda kutokana na kijiti alichoombaomba kwenye nyumba za shambani. Desemba ilikuwa ikimkuta na maua mengi kuliko alivyohitaji.

Mimi wakati huo nilikuwa na shughuli yangu nyingine isiyohusu kanisa. Nilifanya kazi kiwanda cha chai, sehemu ya kunyausha, ambapo majani mabichi hutandazwa kwenye vitanda virefu na kupulizwa hewa mpaka yapoteze maji ya kutosha. Ni kazi ya kupima. Kuna vipimajoto viwili ukutani, kimoja kikiwa kimefungwa kitambaa chenye maji, na tofauti kati ya viwili hivyo ndiyo inayokuambia hewa ina kiu kiasi gani. Shule niliishia darasa la saba. Yaliyobaki nilijisomea mwenyewe, katika vitabu vilivyotandazwa juu ya magunia pale Kericho mjini, na nilisoma chochote kilichokuwa na maelezo ya jinsi kitu kinavyofanyika.

Kitabu kimoja cha namna hiyo, kisicho na jalada, kilikuwa juu ya maua ya kupandwa ndani ya nyumba wakati wa sikukuu. Kiliandikiwa watu wa nchi ambazo Desemba ni theluji na nje hakuna kilicho hai, nao hupanda vitunguu vya maua kwenye vyungu karibu na dirisha ili wapate rangi mpaka baridi iishe. Nilikisoma mara tatu, kamusi pembeni. Jambo hilo lilinivutia kwa sababu kwetu hakuna aliyekuwa na mmea hai sebuleni. Maua ya sebuleni yalikuwa ya plastiki, katika chupa, juu ya kitambaa cha kufuma, na yalioshwa kwa sabuni kila Jumamosi.

Mwishoni mwa Oktoba nilikwenda Kedowa kutafuta mbegu ya viazi. Mama mmoja kando ya barabara alikuwa na madebe ya viazi juu ya meza, na pembeni ya debe la mwisho nikaona vitunguu vikubwa vya kahawia, kila kimoja ukubwa wa ngumi.

"Hivi vitunguu ni vya wapi, mama?"

"Si vitunguu, baba. Hiyo ukikula utatapika mpaka umkumbuke mama yako. Ni lili. Inatoa maua nyekundu, kubwa kama bakuli."

"Zimekaa muda gani bila udongo?"

Alinitazama kama anayetazama mtu wa kodi. "Wewe unanunua ama unaandika?"

"Yote mawili."

"Basi andika Agosti. Tangu Agosti ziko chini ya hii meza, kavu."

Miezi miwili ya ukavu ndiyo ambayo kitabu kiliitaka. Nilinunua zote sita na nikasahau kununua viazi.

Nilizipanda wiki ya kwanza ya Novemba katika mikebe ya mafuta ya kupikia ya kilo mbili, baada ya kutoboa kila mkebe matundu matano kwa msumari. Udongo ulikuwa sehemu mbili za udongo mweusi wa kutoka ukingo wa msitu, sehemu moja mchanga wa mtoni, na sehemu moja samadi iliyokaa mwaka mzima. Kitunguu hakifukiwi chote; nusu yake ya juu hubaki nje. Kitabu kilisema dirisha liwe la upande wa kusini. Sikutaka kuamini tu, kwa kuwa aliyekiandika hakuwa na habari na Kimulot, kwa hiyo nikapigilia msumari kwenye kizingiti cha dirisha na kutia alama mahali kivuli chake kilipoangukia saa sita mchana. Ilikuwa kweli. Kwetu jua la Novemba na Desemba huegemea kusini, na dirisha letu la sebuleni lililipokea.

Tatizo ni kwamba chini ya dirisha hilo ndipo cherehani ya mke wangu ilipokaa, na Desemba ndio mwezi wake wa sare za shule.

"Kwa hivyo mimi nishone gizani," alisema, "ndio kitunguu kipate jua."

"Ni mpaka Krismasi tu."

"Na ng'ombe je? Yeye hutaki alale chumbani?"

Lakini aliisukuma cherehani mpaka karibu na mlango. Mikebe mitatu nikaiweka kwenye kizingiti cha dirisha, na mitatu, kwa kukosa nafasi, juu ya stuli mbili ndefu kati ya viti vya wageni.

Katikati ya Novemba ikanyesha mvua ya mawe. Kwetu mvua ya mawe si habari, tunaishi nayo, lakini ile ilidumu dakika ishirini na mawe yalikuwa makubwa kama punje za njugu mawe zilizolowekwa. Mabati yalipiga kelele hata hatukusikiana. Ilipokatika tulitoka nje. Michai ilibaki vijiti, na harufu ya majani yaliyopondwa ilikuwa ileile ya kiwandani. Bustani ya mke wangu ilikuwa imekatwakatwa kama sukuma wiki ya kupika. Glediola zote zilikuwa chini. Alilishika waridi lake, likamwachia gome mkononi.

Kila nyumba kwenye mteremko wetu ilikuwa hivyohivyo, kwa hiyo hakukuwa na jirani wa kuombwa maua. Siku ya tatu mwenyekiti wa akina mama alimtuma binti yake kwetu na ujumbe: mama asisumbuke, Mungu anaona, yeye mwenyewe ataleta maua yake ya plastiki na kuyaweka mezani siku ya Krismasi. Ulikuwa ujumbe wa wema. Mke wangu alimshukuru yule binti, akampa ndizi, kisha akaingia sebuleni akasimama mbele ya mikebe. Kitunguu kimoja tu kilikuwa kimeonyesha ncha ya kijani.

"Hizi zitatoa maua kabla ya Krismasi?"

"Kitabu kinasema wiki sita hadi nane."

"Sikuuliza kitabu."

Nikasema zitatoa. Niliposema hivyo nilijua kwamba sikuwa na haki ya kusema, maana wiki sita zingetufikisha kabla ya Krismasi na wiki nane zingetupitisha.

Tangu siku hiyo nikaanza kuandika. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilichovya kidole katika udongo wa kila mkebe, nikaandika mkavu, una unyevu, au umelowa. Nilimwagilia Jumanne na Ijumaa, nusu kikombe kila mmoja. Baada ya siku kumi daftari lilionyesha jambo lisilo la kawaida. Mikebe mitatu ya dirishani ilikuwa kama ilivyotakiwa kuwa. Mitatu ya kwenye stuli ilikuwa imelowa kila siku, hata Jumatatu. Juu ya udongo wake palianza ukungu mweupe, sisimizi walipanda stuli kwa mstari, na ukiinama ulisikia harufu ya maziwa yaliyolala. Nilibonyeza kitunguu cha katikati kikabonyea. Nilimuuliza mke wangu kama anaongeza maji. Akasema hajagusa. Niliwauliza watoto, wakaapa. Nilipunguza maji mpaka robo kikombe. Haikusaidia.

Jibu nililipata Jumapili, siku ambayo sikuwa na shifti. Baba yangu mdogo, aliyeishi chini yetu karibu na mto, alikuwa na desturi ya kupanda kwetu kila alasiri pamoja na mzee mwenzake kunywa chai. Walikaa viti vya karibu na stuli. Nilikuwa pembeni nikirekebisha mpini wa jembe. Baba mdogo akanywa chai yake, akazungumza juu ya fahali wa mtu fulani, na alipofika mwisho wa kikombe, bila kukata neno, akanyoosha mkono akamwaga iliyobaki kwenye mkebe. Mwenzake akamwaga katika wa pili, na walipoongezewa chai, wa tatu nao ukapata wake.

Nilielewa papo hapo, na nikajiona mjinga. Mzee wa kwetu hamalizi kikombe. Kiasi cha mwisho ni cha ardhi, na waliotutangulia wamo ardhini. Sote tumebatizwa, na hakuna mzee anayetaja mambo hayo anapomwaga, lakini mkono wake haukuacha. Katika nyumba za udongo ilikuwa rahisi. Mimi nilikuwa nimetia saruji sebuleni miaka miwili nyuma, na tangu hapo wazee walikuwa wakiinuka na vikombe vyao na kwenda mpaka mlangoni. Nilidhani wanakwenda kuangalia mifugo. Sasa nilikuwa nimewaletea udongo ndani, karibu na mkono, na lili zangu zilikuwa zikinyweshwa chai ya maziwa na sukari kila alasiri.

Kumkataza sikuweza. Huwezi kumwambia ndugu wa baba yako, ndani ya nyumba ambayo yeye mwenyewe alisaidia kuikatia mbao, asimwage hapo. Nilizunguka.

"Baba, hii mimea naona inakufa."

"Nimeona," akasema. "Ni kwa sababu iko ndani. Mti hauishi kwa nyumba."

"Nadhani maji yamezidi."

"Punguza."

"Nimepunguza. Labda sukari ndiyo haitaki."

Mzee mwenzake akacheka mpaka akakohoa. "Boiyot, mzee wangu, unashtakiwa wewe!"

"Mimi?" Baba mdogo alitazama kikombe, kisha mkebe, kisha mimi. "Kijana, hiyo ya mwisho si yangu ninyime ama nipeane. Sasa unataka niimeze?"

"Hapana, baba."

"Ukitaka nitembee mpaka mlango nitatembea. Lakini goti hili umeliona."

Kesho yake nikajaza mkebe wa saba udongo mtupu, nikauweka kando ya kiti chake. Ile mingine nikaiondoa. Alipoketi aliuchunguza kwa muda.

"Hapa umepanda nini?"

"Bado, baba."

"Vizuri," akasema, na alipomaliza chai akamwaga humo, na mwenzake pia, na hawakulitaja tena jambo hilo. Mkebe ule ulikaa pale miaka mingi. Nilibadilisha udongo wake kila mwezi.

Vitunguu viwili vilikuwa vimeoza kabisa. Cha tatu nilikikata sehemu laini, nikakipaka jivu, kikapona lakini mwaka huo kikatoa majani tu. Kati ya mitatu ya dirishani, mmoja nao ulikuwa na majani pekee. Kwa hiyo ilipoingia wiki ya pili ya Desemba tulikuwa na mikebe miwili yenye mashina ya maua, kila shina na kichwa chake kilichofumba kama ncha ya mkuki, na urefu wa shibiri moja.

Nilipima mashina hayo kila asubuhi kwa rula ya watoto. Kisha nikafanya hesabu, na hesabu ikanipa tarehe ishirini na nane. Niliirudia. Ikanipa ishirini na nane tena.

Nilimwonyesha mke wangu daftari. Alilitazama bila kulishika.

"Shida ni nini?"

"Baridi. Alfajiri hapa sebuleni ni nyuzi tisa." Kiwandani walikuwa wametupa kipimajoto kilichopasuka ubao, nami nikaomba nikichukue. "Kitunguu kinataka ishirini."

"Jikoni ni ngapi?"

"Karibu na jiko, kumi na tisa mpaka asubuhi. Lakini jikoni hakuna mwanga. Kitabu kinasema kikikosa mwanga shina litarefuka na kuanguka."

"Likianguka nitalifunga na kijiti. Nyanya si nafunga?"

Nikamweleza juu ya moshi. Nikamweleza kwamba ua lililolazimishwa huwa na rangi hafifu. Alisikiliza yote, maana ni mtu anayesikiliza.

"Baba watoto," akasema, "wewe kwako hii ni kusoma. Ukikosea mwaka huu utaandika, ujaribu mwaka ujao. Mimi wakiniweka kando mara hii, nani atanisoma tena?"

Alichukua mkebe mmoja, akaupeleka jikoni, akauweka juu ya benchi la kuni, hatua mbili kutoka jiko. Wa pili aliniachia mimi na dirisha langu.

Shina la mkebe wangu liliendelea taratibu, nene na lililonyooka. Lake lilikimbia. Baada ya siku tano lilikuwa limelipita langu kwa upana wa kiganja, rangi yake ya kijani imepauka, na lilianza kuegemea mlangoni kulikotoka mwanga. Alikata kijiti cha mwanzi, akalifunga kwa utepe wa kitambaa cha sare, sehemu tatu. Kila asubuhi aliuzungusha mkebe ili shina liegemee upande mwingine. Watoto walikatazwa kupika chapati upande ule kwa sababu ya mafuta. Tarehe ishirini na mbili ngozi ya kile kichwa cha shina ilipasuka na tukahesabu maua manne ndani, yamebanana. Tarehe ishirini na nne alasiri moja likafunguka. Lilikuwa jekundu. Nilisema hafifu kidogo, na ilikuwa kweli, lakini nilisema polepole.

Asubuhi ya Krismasi mawili yalikuwa wazi. Nilidhani atalikata shina na kulitia katika chupa, kama maua yote yanavyopelekwa mezani. Alikataa. Alisema likikatwa litaishi siku mbili, na yeye hajalilea hivyo kwa siku mbili. Alivingirisha mkebe kwa kitambaa chake cheupe cha kufuma, akakishona nyuma kwa sindano ili kisiteleze, akaubeba kifuani kwa mikono miwili kilomita nzima, mimi nikitembea upande unakotoka upepo.

Mwenyekiti alikuwa amekwisha fika, ua lake la plastiki limefungwa kwenye mfuko. Alimwona mke wangu mlangoni akaja haraka.

"Mama! Umetoa wapi hii?"

"Jikoni."

"Jikoni?" Alichungulia chini ya kitambaa. "Na hii ni mkebe wa mafuta. Juu ya meza ya Bwana?"

"Chini kuna udongo. Iko hai."

"Iko hai," mwenyekiti akarudia. Aligusa ua kwa kidole kimoja, ukingoni, kama mtu anayejaribu rangi ya mlango kama imekauka. Kisha akautia mfuko wake chini ya benchi kwa mguu. "Basi weka katikati. Kijiti kigeuze nyuma watu wasikione."

Wakati wa mahubiri niliona vichwa vya akina mama vikielekea mezani zaidi ya kwa mhubiri. Jua lilipogonga dirisha la mbele, ua la tatu lilikuwa limeanza kuachana. Mke wangu alikaa benchi la tatu, mgongo umenyooka, na hakulitazama hata mara moja.

Baada ya ibada walimzunguka. Nilisimama nje ya mlango pamoja na wanaume, mahali ambapo ningeweza kusikia. Walitaka kujua limetoka wapi, linakula nini, kama linazaa. Mke wangu akasukuma udongo kidogo kwa kidole, akawaonyesha kitoto kidogo kilichokuwa kikichipuka ubavuni mwa kitunguu, kidogo kama jino la kitunguu saumu.

"Hicho ni changu," mwenyekiti akasema. "Msiniangalie hivyo, mimi nimeomba kwanza."

"Kitakaa miaka mitatu ndio kitoe ua," mke wangu akamwambia. "Baba watoto amesoma. Hata minne."

"Si tutangoja. Kwani wewe unaenda wapi?"

Wengine wakacheka, na mmoja akasema na yeye aandikiwe cha pili. Mwenyekiti akatoa lile daftari la orodha mkobani, akalamba ncha ya kalamu ya risasi, na akaanza kuandika nani atapata kitoto cha mwaka gani, mke wangu akimwambia mmoja baada ya mwingine.